Wanafunzi waachwe wachonge herufi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba wanafunzi wa usanifu wa michoro wanapoteza muda kuchonga herufi kwenye vibao vya lino, ilhali kompyuta ina maelfu ya fonti zilizo tayari. Aliuliza kwa nini mtu ashinde kutwa nzima na wino mikononi ili apate neno moja, wakati neno hilohilo linaandikika kwa kubonyeza vitufe vichache. Ni swali la haki na aliliuliza kwa adabu. Mimi ni mmoja wa wanafunzi hao. Kazi yangu ya mwaka huu ni kuchonga alfabeti nzima, kuichapa kwa mkono, kisha kuigeuza iwe fonti ya kompyuta. Nataka kumweleza kwa urefu kidogo ninachokiona katika kazi hiyo, kwa sababu naamini kinamgusa kila anayesoma Kiswahili kilichopigwa chapa, likiwamo gazeti lako.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi hawajawahi kuiona. Lino ni ileile linoleamu iliyobuniwa ili kufunika sakafu. Mwingereza Frederick Walton aliikatia hataza katika miaka ya 1860; ilitengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyoachwa yagande kwa hewa, yakachanganywa na unga wa lile gome linalotengenezewa vizibo, mchanganyiko ukashindiliwa juu ya kitambaa kigumu. Haina nyuzi kama mbao, kwa hiyo patasi inakwenda upande wowote unaoutaka, na ukiipasha joto kidogo inalainika. Unachora herufi kinyume, unachonga pale pasipotakiwa wino, unaacha pameinuka pale panapotakiwa. Kisha unatandaza wino juu ya kioo kwa rola mpaka uwe utando mwembamba. Rola inapopita hutoa mchakarisho, na mpiga chapa mzoefu hutambua kwa sikio tu kama wino umezidi au umepungua. Baada ya hapo unapitisha rola juu ya kibao, unalaza karatasi, unaisugua kwa mgongo wa kijiko au unaiingiza kwenye mashine, unainua pembe moja na kuangalia.

Kitu cha kwanza ambacho patasi ilinionyesha, na ambacho kibodi haikuwahi kunionyesha, ni weupe. Ukibonyeza kitufe, weusi wa herufi unatokea papo hapo na macho yanakimbilia huo. Kwenye lino mkono hauugusi weusi hata kidogo. Kazi yote inafanyika katika weupe. Ukitaka kuchonga a ndogo unaanza na tumbo lake, ile nafasi iliyofungwa ndani, kisha mwanya ulio chini ya upinde wa juu, ndipo unazunguka nje. Tumbo likibanwa, herufi inavimba. Likiachwa kubwa, herufi inakonda hata kama mistari yake ni minene. Mafundi wa Ulaya waliochonga herufi za chuma za kutengenezea kalibu, ambamo madini ya risasi yalimiminwa yawe herufi za kuchapia, walilijua hili. Mara nyingi walitengeneza kwanza kichuma kidogo chenye umbo la tumbo la herufi, wakakigongomea kwenye kichwa cha chuma kingine, ndipo wakachukua tupa na kuanza kusawazisha upande wa nje. Weupe ulitangulia, weusi ukafuata. Tangu nilielewe hilo, hata nikiwa mbele ya kompyuta siangalii tena herufi kwa jicho lile la zamani.

Kuchonga kinyume nako kuna faida yake. Herufi iliyogeuzwa haisomeki haraka, kwa hiyo akili inaacha kuitamka na jicho linabaki na umbo peke yake. Hapo ndipo unagundua kwamba o iliyopimwa kwa rula ili ilingane kimo na x au z inaonekana fupi kuliko majirani zake, na kwamba lazima ipande juu kidogo na ishuke chini kidogo ili macho yakubali kuwa zinalingana. Fonti nzuri zote za kompyuta zina ziada hiyo ndogo. Nilikuwa nimeisoma darasani nikaikariri kama kanuni. Kwenye karatasi yenye wino nikaiona kwa macho.

Kisha kuna wino. Wino ukibanwa kati ya kibao na karatasi hutambaa nje ya ukingo uliouchonga. Kwenye mistari iliyonyooka hauleti shida, unanenepesha kidogo tu. Shida iko kwenye pembe: pale mguu wa n unapoungana na upinde wake, pale mikono ya k inapokutana na nguzo, ndani ya kona za w. Wino unajaa humo na kona inakuwa donge. Dawa yake ni kuchonga kona ndani zaidi kuliko umbo linavyohitaji, uache kijitundu ambacho wino utakuja kukijaza wenyewe. Nilipoonyesha chapa zangu darasani, mwalimu aliniambia nikatafute fonti iitwayo Bell Centennial. Matthew Carter aliisanifu mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya namba za simu vya kampuni ya AT&T nchini Marekani. Karatasi za vitabu hivyo zilikuwa nyembamba, herufi ndogo sana, na mashine zilikwenda mbio. Carter akazikata herufi zake vipembe vikubwa kwenye kila kiungo. Ukizikuza kwenye skrini zinaonekana kana kwamba panya wamezing'ata. Zikichapwa kwa udogo wake, wino unaingia kwenye vipembe na herufi inatoka safi.

Hebu msomaji yule atafakari hilo. Fonti ile ilisanifiwa na mtu aliyejua wino unavyotembea kwenye karatasi. Angejuaje kama asingewahi kuwa karibu na mashine? Carter mwenyewe alipokuwa kijana alijifunza kuchonga herufi za chuma kwa mkono katika kiwanda cha uchapaji cha Enschedé huko Uholanzi, na baadaye akawa miongoni mwa wasanifu wa fonti za kompyuta wanaosomwa na watu wengi zaidi duniani. Fonti za Verdana na Georgia, zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya skrini katika miaka ya 1990, ni zake. Patasi haikumzuia kuingia kwenye kompyuta.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie wewe, Mhariri, badala ya kumjibu msomaji huyo ana kwa ana kama ningemfahamu.

Nilipoanza nilichonga kila herufi kubwa kwenye kibao chake cha mstatili, ili niweze kuzipanga na kuzipangua kama walivyofanya wapiga chapa wa zamani. Nikapanga neno la kwanza lililonijia, nikachapa. Kisha nikapanga kichwa cha habari cha kubuni, cha aina unayoiona kila siku: jina la kitu, YA, jina la kitu kingine, KWA, jina tena. Maneno makubwa yalitulia. Yale madogo yalikuwa yametawanyika. Y na A zilikuwa mbalimbali kiasi kwamba mwenzangu aliyepita nyuma yangu alizisoma kama herufi mbili zisizohusiana. KWA ilikuwa na shimo katikati. VYA ilikuwa mbaya kuliko zote.

Sababu ni ya kimaumbile. Y ni pana juu na nyembamba chini. A ni nyembamba juu na pana chini. Kila moja ikikaa kwenye mstatili wake, kati yao panabaki uwanja mweupe usio na kazi. W na A zina mistari inayolala upande mmoja, kwa hiyo kati yake unapita mfereji wa mshazari. Mafundi wa herufi za mbao walilitatua jambo hili kwa msumeno: walikata pembe za vibao ili A iingie chini ya bawa la Y. Nami nikafanya hivyohivyo, na neno likashikana.

Ukienda kwenye kompyuta utakuta mistatili ileile, ila haionekani. Kila herufi ya fonti ina boksi lake lenye upana maalumu, na msanifu anaweka orodha ya jozi zinazotakiwa kusogezwa: herufi hii ikifuatwa na ile, vuta kwa vipimo kadhaa. Kwa kawaida kimo cha boksi hugawanywa katika vipimo 1,000. Kwa alfabeti yangu, Y na A zilihitaji kuvutwa kwa karibu vipimo 90 ndipo zikatulia. Fonti za gharama huwa na maelfu ya jozi za namna hiyo. Fonti nyingi za bure zina jozi chache, na nyingine hazina hata moja.

Lakini ni jozi zipi? Hapo ndipo Kiswahili kinapoachwa nyuma. Fonti nyingi tunazotumia zilipimwa kwa maneno ya Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Msanifu makini atakumbuka AV, TO, WA na labda YA. Je, atakumbuka VY? Katika Kiingereza V na Y hukutana kwa nadra. Kwetu sisi tuna vya, vyama, vyombo, vyote, vyuo, na kila sentensi yenye vitu vingi inaivuta jozi hiyo. KW na MW ni nadra kwao. Kwetu ni kwa, kwenda, kwanza, mwaka, mwalimu, mwananchi. YW kwao ni ya maneno machache tu. Sisi tunanywa na tunanyweshwa. Wao hawana sababu ya kuandika AWAWA. Sisi tunaweza kumwambia mtu kwamba fulani hawawajui. Lugha yetu imejaa w, y, k na v, herufi za mshazari, na zote zimezungukwa na a. Ni lugha inayohitaji kusogezwa herufi kuliko nyingi, lakini inavalishwa nguo zilizokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine.

Nimezoea sasa kubeba vichwa vya habari vya magazeti, likiwamo lako, na kuviangalia kwa jicho la mchongaji. Nasema kwa heshima na kwa upendo, kwa sababu gazeti ndipo nilipojifunzia kusoma: mara nyingi maneno ya kuunganisha yanalegea katikati ya maneno mazito. Msomaji hajui ni nini kinachomsumbua. Anahisi tu kwamba kichwa hakikukaa vizuri, au kwamba neno moja limegawanyika. Fundi wa kurasa anaweza kulirekebisha kwa muda mfupi sana akishajua aangalie wapi, maana programu za kupangia kurasa kwa kawaida zinaruhusu kusogeza jozi moja moja kwa mkono.

Jambo la pili linahusu herufi a yenyewe, na hili lilinipa furaha kubwa kuliko yote. Baada ya kuchapa alfabeti ndogo niliichukua picha kwa skana, kwa nukta 1,200 kwa kila inchi, ili nisipoteze makovu ya patasi. Nilitaka fonti yenye alama za mkono: mikwaruzo, ukingo usionyooka, vidoa vyeupe pale wino ulipokosekana. Nikaitengeneza, nikaandika neno haraka, na neno likaniumbua. A zake tatu zilikuwa na kovu lilelile, mahali palepale. Mkono wa mwanadamu hauwezi kurudia kovu mara tatu. Jicho linalitambua jambo hilo kabla akili haijalitafutia maelezo. Katika lugha ambayo herufi hazijirudii sana ungeweza kulificha, lakini sisi tuna mahakama, tuna maana, tuna barabara, tuna hapana shaka na tuna kadhalika.

Kwa hiyo nikarudi kwenye lino nikachonga a nyingine, na nyingine, kila moja ikiwa dada wa mwenzake bila kuwa pacha. Nikafanya hivyo pia kwa i, u, n na k. Kisha nikaziweka zote ndani ya fonti moja. Mfumo wa OpenType, ulioanzishwa na kampuni za Microsoft na Adobe katika miaka ya 1990, unaruhusu fonti kubeba kanuni zake yenyewe. Niliandika kanuni kwamba a ikiwa imekwisha kutokea ndani ya herufi chache zilizotangulia, iwekwe a nyingine badala yake. Anayeandika hafanyi chochote; anabonyeza a kama kawaida, na fonti inachagua. Sasa haraka ina a tatu tofauti, na neno linasomeka kama lililochongwa zima kwenye kibao kimoja.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Johannes Gutenberg, alipochapa Biblia yake ya mistari 42 mjini Mainz katika miaka ya 1450, hakutumia herufi ishirini na kitu. Alimimina karibu maumbo 290 tofauti: herufi zilezile kwa upana mbalimbali, herufi zilizounganishwa, vifupisho. Alihitaji ukingo wa kulia wa kila safu unyooke bila kuacha mapengo katikati ya maneno, kwa hiyo alichagua umbo jembamba au pana kulingana na nafasi iliyobaki. Alitaka ukurasa uliochapwa usipungukiwe na uzuri wa ule ulioandikwa kwa kalamu. Kanuni ninayoiandika kwenye fonti inafanya kazi ambayo mpangaji wa herufi wa Mainz aliifanya kwa vidole, akinyoosha mkono kwenye sanduku kuchukua umbo linalofaa.

Kuna na ng'. Katika uchongaji, ule mkato wa juu ni kisiwa kidogo kilichoachwa peke yake juu ya kibao. Rola inakipa wino mwingi kuliko herufi kubwa zinavyopata, na shinikizo linakikandamiza mpaka karatasi inabonyea. Nikajifunza kukichonga kikiwa chembamba zaidi na kukisogeza karibu na g, ili ng'ombe na nyang'anya zisomeke kama neno moja lisilo na ufa. Kwenye kompyuta tatizo lina sura nyingine. Watu wengi huandika mkato ulionyooka wa taipureta, ambao fonti nyingi hazikuuwekea nafasi maalumu baada ya g. Orodha ya herufi ya Unicode ina mkato mwingine kabisa, unaohesabiwa kuwa herufi na si alama ya uandishi, lakini kibodi za kawaida haziuweki karibu. Mimi katika fonti yangu nimeamua kwamba mkato wa aina yoyote ukifuata g, uchorwe kwa umbo lilelile lililopinda na uvutwe karibu. Sauti ile ni yetu, tunaitumia kila siku, nayo inastahili kukaa kwenye ukurasa kama mwenyeji.

Msomaji yule huenda atauliza kwa nini nisichonge moja kwa moja ndani ya kompyuta. Nimejaribu njia zote mbili na ninaziheshimu zote mbili. Mstari wa herufi kwenye kompyuta unashikiliwa na nukta chache na vishikio vinavyouvuta, kwa hesabu iitwayo mikunjo ya Bézier. Haikubuniwa kwa ajili ya herufi hata kidogo. Katika miaka ya 1960 Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault nchini Ufaransa, aliieneza kwa ajili ya kuchora bodi za magari, na Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia hesabu hiyohiyo kabla yake. PostScript ya mwaka 1984, lugha ya kompyuta inayoielekeza printa namna ya kuchora ukurasa, ndiyo iliyoipeleka kwenye meza za wapiga chapa. Ni mikunjo laini mno, na hapo ndipo penye hatari. Ukianzia hapo, kila kitu kinatoka na ulaini wa bodi ya gari jipya. Ukianzia kwenye lino unafika mbele ya kompyuta ukiwa na kitu cha kuitaka ifanye. Unajua upinde wa n uligoma wapi, unajua kwa nini.

Programu zina kitufe cha kugeuza picha kuwa mikunjo zenyewe. Sikitumii kwa alfabeti ya maandishi. Kinazaa mamia ya nukta kwa herufi moja, kinafuata kila punje ya wino bila kujua ipi ni kovu lenye maana na ipi ni vumbi. Ninaweka chapa chini kama kivuli na kuchora juu yake kwa mkono, nukta zikiwa chache, nikiziweka pale mkunjo unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa. Hilo linachukua muda. Ni muda wa kuamua, na sijapata programu inayoamua badala yangu.

Kutoka hapo nimepita njia ya kurudi pia: herufi zilizokwisha kusahihishwa kwenye kompyuta nimezipeleka zikachongwe kwenye mbao kwa mwale wa leza, nikazipaka wino na kuzichapa. Kwa herufi ndogo za maandishi leza ni bora kuliko mkono wangu, na nasema hivyo bila kusita. Haichoki, na herufi zote zina kina kimoja. Kwa herufi kubwa za kichwa naichagua patasi. Ukingo wa leza hauna mwelekeo. Ukingo wa patasi unaonyesha mkono ulitoka wapi ukaenda wapi, na herufi kubwa ina nafasi ya kutosha kuonyesha safari hiyo.

Historia ya uchapaji haijawahi kwenda kwa mstari mmoja ambao chombo kipya kinakuja na cha zamani kinatupwa. Bi Sheng wa China alitengeneza herufi za udongo wa kuchoma zinazopangika na kupangulika katika miaka ya 1040, na bado uchapaji wa vibao vizima vya mbao uliendelea huko kwa karne nyingi, kwa sababu maandishi ya Kichina yana maelfu ya alama na kibao kizima kilikuwa na faida zake. Pablo Picasso alikuwa mzee tayari, katika miaka ya 1950, alipojikita katika lino kule kusini mwa Ufaransa, akawa anachapa rangi zote kwa kibao kimoja anachoendelea kukichonga baada ya kila rangi, mpaka kibao kinaisha kazi. Alois Senefelder alipogundua uchapaji wa jiwe huko Ujerumani mwaka 1796, mwandiko wa mkono uliweza kuchapwa kama ulivyo bila kupanga herufi hata moja, na jambo hilo lilizifaa sana lugha zinazoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo huungana na kubadilika umbo. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi hizo karne kadhaa kabla ya hizi tunazotumia leo. Nikimaliza alfabeti hii ningependa kuichonga ile, na kuona fonti ya kompyuta itaweza kubeba nini cha mwendo wake. Hiyo ni kazi ya barua nyingine.

Simwombi mtu yeyote achonge gazeti. Habari ya jana usiku lazima isomwe asubuhi, na fonti iliyo tayari ndiyo inayowezesha hilo. Ninachoomba ni kwamba wale wanaojifunza kutengeneza fonti hizo wasinyimwe patasi, wino na chumba cha kuchapia kwa hoja kwamba kompyuta inatosha. Vyumba hivyo ni rahisi kuvifunga: mashine ni nzito, zinakula nafasi, na mtu anayetazama hesabu za mwaka haoni zinachozalisha. Zinazalisha macho. Mwanafunzi aliyejaza wino kwenye kona ya k hasahau tena kuiacha wazi, na asiyewahi kuona wino ukitambaa atashangaa kwa nini fonti yake nzuri ya kwenye skrini imegeuka donge kwenye karatasi ya gazeti.

Kwa upande wa gazeti, naomba mambo machache yanayowezekana. Kabla ya kununua au kupakua fonti mpya ya vichwa vya habari, ijaribiwe kwa maneno ya Kiswahili na si kwa sampuli iliyokuja nayo. Mimi hutumia mistari hii: VYAMA VYA WAKULIMA VYAKWAMA; MWAKA WA KWANZA WA VYUO; HAWAWAJUI WAKWE WAO; NG'OMBE WANYWA, WANANYANG'ANYANA KISIMA. Haina maana kubwa, lakini imekusanya karibu jozi zote zinazosumbua. Fonti ikiipita mistari hiyo bila mashimo, itavipita vichwa vingi vya habari. Isipoipita, fundi wa kurasa avute YA, VYA, WA na KWA kwa mkono, hasa kwenye ukurasa wa kwanza ambako herufi ni kubwa na kila pengo linaonekana kutoka mbali. Na mkato wa ng' uwe wa umbo moja gazeti zima. Leo unaweza kuukuta umenyooka kwenye kichwa cha habari na umepinda kwenye habari yenyewe.

Pamoja na barua hii nimekuletea karatasi mbili. Ya kwanza nimeichapa kwa vibao vya lino, mistari ile minne, pembe za Y na V zikiwa zimekatwa kwa msumeno. Ya pili ni mistari hiyohiyo kwa fonti niliyoitoa humo, imechapwa kwa printa ya kawaida. Ningefurahi mafundi wako wa kurasa wakizilaza mezani ubavu kwa ubavu na kuniandikia wapi fonti imeshindwa kufuata kibao, kwa sababu wao huzitazama herufi za Kiswahili usiku na mchana kuliko mtu mwingine yeyote, na bado sijaridhika na VY.

Wako msomaji,
Mwanafunzi wa usanifu wa michoro